Mzaha wa Maneno na Upatanisho wa Kisarufi: Tatizo la Kumfasiri Alisi kwa Kiswahili

Miongoni mwa hadithi zilizoifungulia njia fasihi ya kisasa ya watoto, kitabu cha Lewis Carroll kumhusu Alisi kina nafasi ya pekee. Mwandishi huyo, ambaye jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson, alikuwa mhadhiri wa hisabati huko Oxford, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1865. Wakati ambapo vitabu vingi vya watoto vilikusudia kuonya, hiki kilimwalika mtoto acheze na lugha.

Kiswahili kimekipokea kitabu hiki zaidi ya mara moja. Tafsiri ya E. V. St. Lo de Malet, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ilichapishwa London mwaka 1940, na picha zake zilimwonyesha Elisi katika sura ya mtoto wa Kiafrika. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ilitoka mwaka 2015. Makala haya hayakusudii kuzipima tafsiri hizo, bali kuchunguza tatizo linalomkabili kila afasiriye kitabu hiki: mzaha uliojengwa juu ya sauti za maneno. Aghalabu husemwa kwamba mzaha wa namna hiyo haufasiriki. Rai hiyo ikikubaliwa, mtoto asomaye Kiswahili atapewa visa vya Alisi bila kicheko chake.

Kiini cha ugumu ni upatanisho wa kisarufi. Katika Kiingereza, maneno mawili yenye sauti moja yaweza kupita katika sentensi nzima bila kutambulikana. Katika Kiswahili ngeli hulifichua neno mara moja. Paa ni mnyama, na paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Lakini mtu asemapo "paa huyu" au "paa hili", utata umekwisha. Kwa hiyo orodha ya vitawe peke yake haimtoshi mfasiri. Hana budi kutafuta mahali ambapo upatanisho haufichui kitu.

Mahali pa kwanza ni ndani ya ngeli moja. Panya wa Carroll asimulia habari zake, naye Alisi, akiutazama mkia wa msimulizi, adhani ndio unaozungumzwa, kwa kuwa katika Kiingereza "hadithi" na "mkia" hutamkwa sawasawa. Hapa neno "hadithi" halifai, "mkasa" lafaa. Mkasa na mkia yote ni ya ngeli ya M-/MI-. Panya akisha kuutaja mkasa mara moja, kila asemalo baadaye, kwamba ni mrefu, kwamba umepindapinda, kwamba bado haujafika mwisho, laweza kuuhusu mkia pia. Upatanisho uliokuwa kikwazo sasa ndio unaoubeba mzaha.

Mahali pa pili ni pale ambapo neno halidai upatanisho. Katika sura ya tisa, kasa wa bandia aeleza shule yake ya baharini: siku ya kwanza masomo saa kumi, siku ya pili saa tisa, yakizidi kupungua, kwani katika Kiingereza neno la masomo na neno la kupunguza husikika sawa. Kiswahili kina neno "kasa" kwa mnyama huyo wa baharini, na "kasa" kwa upungufu katika hesabu: kumi kasa moja ni tisa. Ni haki basi masomo ya Kasa yawe kila siku kasa moja.

Yaweza kupingwa kwamba mtoto wa bara, aliyezoea "kasoro", halijui neno hilo. Pingamizi hilo lina uzito, ila dawa yake imo kitabuni. Sungura wa sura ya kwanza ana saa mfukoni. Akisoma saa yake kwa "kasa robo" tangu mwanzo, msomaji atafika sura ya tisa akiwa tayari.

Mtoto aliyelelewa kwa vitendawili na vitanza ndimi si mgeni wa michezo hii. Inapasa basi tafsiri ya kitabu cha watoto ihukumiwe pia kwa swali hili: je, pale alipocheka msomaji wa kwanza, huyu naye atacheka?