Je, wajua kwa nini gari la kifahari huinama usiku?

Ukipita kwenye yadi za magari saa moja asubuhi, kabla wauzaji hawajafika na ndoo zao za maji, hukosi kuliona Range Rover au Mercedes-Benz la S-Class limeinama upande mmoja, tairi la mbele limezama ndani ya bodi. Mnunuzi akifika saa tatu analikuta limesimama sawasawa, linang'aa. Akiuliza, dalali anayo majibu: "Bosi, hizi ndivyo zilivyo. Usiku zinalala, ukiwasha zinaamka."

Sivyo zilivyo. Gari lenye springi za upepo, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya chuma, likiwa na mifuko mizima linaweza kuegeshwa siku nyingi na jicho lisione limeshuka. Linaloinama usiku mmoja linavuja, na uvujaji huo unamweleza mnunuzi mambo ambayo bei iliyobandikwa kwenye kioo haimwelezi. Naipenda sana teknolojia hii, na inaniuma kuisikia ikiitwa uchafu wa Ulaya na watu walioinunua ikiwa tayari mahututi, tena kwa sababu tu gari lilikuwa rahisi.

Ubora wa springi za upepo uko hapa. Ugumu wa springi ya chuma huamuliwa mara moja tu, kiwandani. Ikiwa laini, gari hukaa kitako ukipakia abiria watano na mizigo yao. Ikiwa ngumu, dereva akiwa peke yake hurushwa na kila kishimo. Upepo haufungwi na uamuzi huo. Mzigo ukiongezeka, pampu huongeza mgandamizo ndani ya mfuko mpaka gari lirudi kwenye kimo chake, na mgandamizo ukipanda, springi nayo inakuwa ngumu kwa kiasi kinachoendana na mzigo. Ndiyo maana gari likiwa tupu au limejaa, hudunda kwa mwendo karibu uleule, mara moja na ushei kwa sekunde. Chuma cha kawaida hakiwezi hilo.

Wamarekani walizijaribu springi za upepo mapema. Cadillac Eldorado Brougham ya 1957 ilitoka kiwandani na springi za upepo kwenye magurudumu yote manne. Zilivuja, na wenye magari wengi wakazing'oa wakaweka chuma. Mercedes-Benz wakaja na 300 SE mwaka 1961, kisha 600 mwaka 1963, gari la marais na wafalme. Lakini hadithi yetu hasa inaanza 1998, ilipozinduliwa S-Class inayofahamika kwa mafundi kama W220. Upepo haukuwa tena kitu cha kuongezea pesa. Ulikuja na gari, kwa jina la Airmatic. Discovery 3 ikafuata 2004 na mfumo wa namna hiyo. Toyota nao hawakubaki nyuma: baadhi ya Harrier za toleo la pili, lile lililofuata toleo la kwanza ambalo mtaani huitwa "tako la nyani", zilikuwa na springi za upepo, na baadhi ya Prado za daraja la juu huwa nazo kwenye ekseli ya nyuma. Wapo wenye magari hayo hapa kwetu wasiojua wamekalia nini, mpaka siku nyuma inaposhuka na kugoma kupanda.

Mfuko wenyewe ni mpira mwembamba ulioimarishwa kwa nyuzi. Sehemu yake ya chini hujikunja juu ya bomba pana, na gurudumu linapopanda na kushuka, mkunjo huo huviringika kama soksi inayokunjuliwa mguuni. Nyufa huanzia hapohapo kwenye mkunjo. Kinachozileta ni umri, joto, vumbi na hewa ya ozoni inayokula mpira, wala si kilomita peke yake. Gari lililotembea kilomita 40,000 tu kwa miaka kumi linaweza kuwa na mifuko iliyochoka kuliko lililotembea mara tatu zaidi kwa miaka mitano. Anayeuza hujisifia kilomita chache, mpira hauzijali.

Basi twende kwenye sehemu ambayo wengi hawaijui, nami naiona ya ajabu kuliko zote. Pampu huvuta hewa ya nje, na hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar imejaa unyevu. Maji yakiingia kwenye mfumo yataozesha vali. Kwa hiyo, baada ya kugandamizwa, hewa hupitishwa kwenye chumba kidogo kilichojaa punje zinazonyonya maji, ndipo igawanywe kwenye pembe nne za gari. Lakini punje hizo zikishalowa, nani atazikausha? Gari lenyewe. Linapojishusha, hewa iliyokwisha kukaushwa hurudishwa kupitia chumba kilekile, ikitanuka, nayo hubeba unyevu wa punje na kuutoa nje. Kila kupanda hulowesha, kila kushuka hukausha. Mfumo umesawazishwa hivyo, na unaweza kwenda miaka bila kuguswa na fundi.

Sasa tazama ufa mmoja unavyoharibu mpango huo. Hewa haitoki tena kwa njia yake; inatokea kwenye ufa. Pampu inavuta hewa mbichi asubuhi, mchana na jioni, punje zinalowa na hazipati tena hewa kavu ya kuzikausha. Zikishiba maji, zinaanza kumeng'enyeka na kuwa unga. Unga na maji vinaingia kwenye vali, vali hazifungi vizuri, uvujaji unahamia hata pembe iliyokuwa nzima. Pampu nayo, ambayo haikuundwa kufanya kazi mfululizo bali dakika chache kisha ipumzike, inachemka, ringi ya pistoni yake inalika, mwisho inaungua. Kilichoanza kwa kipande kimoja cha mpira kimeua vitu vitatu. Na hapo mwenye gari ananunua pampu mpya, anafurahi gari limepanda, anaacha ufa ulivyo. Baada ya muda mfupi pampu mpya nayo imekufa, na lawama anabebeshwa Mjerumani.

Hapo ndipo hesabu ya gari la kifahari lililotumika inapowapiga watu chenga. Gari la aina hii kwa kawaida hupoteza karibu nusu ya thamani yake katika miaka mitano hivi ya mwanzo. Spea zake hazishuki hivyo. Anayelinunua likiwa na miaka minane analipa bei ya gari la kawaida, kisha anatakiwa kulitunza kwa bei za gari la tajiri aliyelinunua jipya. Mwenye bajeti anayemaliza pesa zote siku ya kununua hajanunua gari hilo. Amenunua matengenezo ambayo hana pesa za kuyalipia.

Na waranti? Lexus Marekani hutoa miaka 4 au maili 50,000 kwa gari zima, na miaka 6 au maili 70,000 kwa injini na giaboksi. Mercedes-Benz huko huko hutoa miaka 4 au maili 50,000. Maili 50,000 ni kama kilomita 80,000. Mipira ya upepo mara nyingi hutoboka baada ya hapo, kwa hiyo mtengenezaji amekwisha kuondoka mezani kabla tatizo halijafika. Kenya huruhusu kuingizwa gari lililotumika lisilozidi miaka minane, na mengi huletwa yakiwa yamekaribia kikomo hicho. Tanzania huingiza hata yaliyozeeka zaidi, kwa ushuru wa ziada. Maana yake ni kwamba magari haya yanahamia kwetu katika umri uleule ambao mpira unaanza kupasuka. Waranti ya yadi, ikiwepo, aghalabu ni ya injini na giaboksi kwa miezi michache. Ukiuziwa waranti ya kuongezewa muda, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa vitu visivyolipiwa. Springi za upepo zikiwa humo, karatasi hiyo haikusaidii kwa jambo linalokuhusu zaidi.

Uimara nao haueleweki vizuri. Lexus LS 400 ya 1996 ya mwandishi wa magari wa Marekani, Matt Farah, ilivuka maili milioni moja mwaka 2019, yaani zaidi ya kilomita milioni 1.6. Watu huitaja kana kwamba gari hilo halihitaji kitu. Injini yake ya V8 ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya maili 90,000 hivi. Bila mikanda, mafuta na vipuri vilivyobadilishwa kwa wakati, Lexus hufa kama gari lingine lolote. Hata hivyo sitasema yote ni sawa. Kati ya LS iliyotunzwa na W220 iliyotunzwa, anayeishi mbali na mji mkubwa achukue LS, tena yenye springi za chuma.

Ukienda kununua, nenda bila kutoa taarifa, asubuhi, injini ikiwa baridi. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, kabla mtu hajawasha. Pembe moja ikiwa chini, mara nyingi ni mfuko au bomba lake. Zikishuka zaidi ya moja, shuku vali. Range Rover zina tabia ya kujisawazisha zikiwa zimeegeshwa, zikiifuata pembe iliyo chini kuliko zote, hivyo lililolala sawasawa pande zote bado linaweza kuwa na ufa mmoja. Washa, usikilize pampu: ikinguruma muda mrefu au ikirudiarudia wakati gari limesimama, ondoka au dai bei ipunguzwe kwa kiasi cha gharama ya matengenezo yote. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye mkunjo yatatoa mapovu penye ufa. Lete fundi mwenye kompyuta inayosoma mfumo wa upepo, si ile inayosoma injini tu. Kwa gari la Japani, dai karatasi ya mnada. Herufi R humaanisha liligongwa likatengenezwa.

Kuhusu kung'oa upepo na kuweka chuma, sipendi, ila siwezi kumlaumu aliye mbali na spea, mradi springi zimetengenezwa kwa uzito wa gari hilo na kompyuta imerekebishwa. Springi za Toyota Noah zilizokatwa kwa grinda na kupachikwa kwenye gari la tani mbili ni hatari barabarani, na ninaziona kila leo.

Kinachonikera zaidi ni upotevu. Kwenye magari mengi ya aina hii, mfuko wa mbele na shokapu vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, hivyo ukipasuka mpira wa gharama ndogo, shokapu nzima ya chuma, mara nyingi bado nzuri, hutupwa nayo. Huko nje viko viwanda vinavyovua mpira wa zamani na kuvisha mpya. Gerezani, Dar es Salaam, na barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wapo mafundi wenye mikono ya kufanya kazi hiyo kesho, wakipewa mipira sahihi na mashine ya kubana ringi zake. Vyuo vyetu vya ufundi bado vinatumia muda mrefu kwenye kabureta.

Springi hizi ziko pia kwenye matrela, viti vya madereva wa malori, mabehewa ya treni za abiria, meza za maabara zinazobeba hadubini, mitambo ya viwandani inayotikisika, na mabasi ya mikoani, ambako mfuko huuzwa peke yake na fundi huubadilisha bila kuigusa shokapu.