Tafsiri ya Mwili: Tiba ya Kale katika Tamthilia za Televisheni za Japani

Tamthilia za Kijapani zinazosimulia tiba ya zamani hazihusu wagonjwa tu. Huonyesha pia jinsi maarifa mageni yanavyoingia katika jamii. Katika "Jin", iliyoonyeshwa na kituo cha TBS mwaka 2009 na kuendelezwa mwaka 2011, mpasuaji wa ubongo wa zama zetu ajikuta Edo, yaani Tokyo ya leo, mwaka 1862. Hutengeneza penisilini kutokana na kuvu, miaka mingi kabla ya ugunduzi wa Fleming wa mwaka 1928. Lakini bila matabibu wa mji huo, akiwemo Ogata Koan, aliyeishi kweli, elimu yake ingebaki kichwani mwake.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, tamthilia ya kutazamwa kwanza ni ile ya NHK ya tarehe 1 Januari 2018, aliyoiandika Mitani Koki kutokana na hadithi za katuni za Minamoto Taro. Mvutano wake umo katika tafsiri. Mwaka 1771 Sugita Genpaku, Maeno Ryotaku na wenzao walishuhudia kupasuliwa kwa maiti ya mwanamke aliyeuawa kwa hukumu. Mkononi walikuwa na kitabu cha Kiholanzi, chenyewe tafsiri ya kazi ya Mjerumani Kulmus. Michoro yake ililingana na viungo walivyoviona. Mafundisho ya kale yenye asili ya China hayakulingana. Wakaazimia kukifasiri, ingawa Kiholanzi alikijua Ryotaku peke yake, nacho kwa uchache.

Neva haikuwa na jina katika Kijapani. Wafasiri waliunganisha alama mbili, ya roho na ya njia, wakapata "shinkei", neno ambalo baadaye lilipokewa hata na Wachina. Msemaji wa Kiswahili anayetamka "mshipa wa fahamu" ataitambua mbinu hiyo: kutaja kazi ya kiungo badala ya kukopa sauti ya kigeni.

Kitabu kilichapwa mwaka 1774 kwa jina la "Kaitai Shinsho", na jina la Ryotaku halimo miongoni mwa wafasiri. Tamthilia yaeleza hivi: Genpaku ataka kuchapa upesi, kwa kuwa wagonjwa hawangoji, Ryotaku hakubali kutia jina lake chini ya tafsiri aliyojua kuwa ina makosa. Mwandishi hamhukumu yeyote kati yao, na hapo ndipo ustadi wake ulipo.