Mwanga ni wa kaboni, kazi ni ya ngozi

Kinamasi cha Nyabugogo hupokea majitaka mengi ya Kigali, na wanasayansi waliokichunguza walikuta humo risasi, kadimi, kromi, shaba na zinki. Shirika la Afya Duniani linataka risasi katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho jicho na ulimi haviwezi kukitambua. Mashine za kukipima ni ghali na hukaa maabara. Ndiyo maana nukta za kaboni, chembe zing'aazo zisizofika nanomita 10 zinazoweza kutumika kupima metali, zinastahili kuangaliwa kwa makini. Ziligunduliwa kwa bahati mwaka 2004 huko South Carolina, Marekani, watafiti walipokuwa wakisafisha mirija midogo ya kaboni. Wengi husifu mng'aro wake, lakini nadhani sifa hiyo imeelekezwa pasipostahili. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson walionyesha kwamba zikiwa tupu mwanga wake ni hafifu. Zilipovikwa ngozi ya polima ndipo zilipong'aa vizuri.

Ngozi hiyo ndiyo pia huamua nukta ishike nini. Asidi ya sitriki, ileile iliyomo kwenye ndimu, ikipikwa pamoja na kemikali yenye naitrojeni ndani ya chombo kilichofungwa kwa joto la nyuzi 200 hivi, hutoa maji yenye nukta ambayo chini ya taa ya kukagulia noti bandia huwaka buluu. Kwa mfano, ukiweka salfa juu ya ngozi, zebaki huivamia, kwa kuwa viwili hivyo huvutana sana, na ile buluu hufifia. Kufifia huko ndiko kipimo chenyewe.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Chuma kinaweza kufifisha mwanga kwa kuumeza tu, bila kugusa ngozi, na maji ya mito yetu, mekundu kwa udongo, yana chuma tele. Isitoshe, imebainika kwamba sehemu ya mng'aro unaosifiwa hutoka kwa molekuli ndogo zilizobaki baada ya mapishi, wala si kwa nukta zenyewe. Hoja hizo haziui kipimo, ila zinakishusha cheo: nukta zisafishwe vizuri, kipimo kitumike kuchagua sampuli za kupelekwa maabara, kisitoe hukumu ya mwisho. Na utafiti uliojaribu nukta hizi kwenye maji yaliyochujwa pekee haujathibitisha chochote kuhusu Nyabugogo.