Landrova ya Gendabi ina thamani gani?

Kwenye vijiji vya Gendabi, chini ya Mlima Hanang, Landrova ya zamani haiegeshwi penye kivuli, inaegeshwa penye mteremko. Betri imechoka na starta haiaminiki. Asubuhi dereva analegeza breki ya mkono, gari linajivuta lenyewe mita chache, anaachia klachi kwenye gia ya pili, injini inakohoa mara mbili tatu kisha inashika. Mwenyewe akiamua kuliuza, wa kwanza kuja kuuliza bei ni mtu wa skrepa, naye ana sababu: bodi yake ni alumini, na wafua sufuria wanaitaka alumini kuliko chuma.

Mwezi Desemba 2015 nyumba ya mnada ya Bonhams, London, iliuza Landrova ya ukoo huohuo, ile iliyotengenezwa kuadhimisha gari la milioni mbili, kwa pauni 400,000. Nimekuwa nikiulizwa swali moja na wenye magari ya namna hii: kama Ulaya yanauzwa hivyo, langu je? Jibu fupi ni kwamba linaweza kuwa na thamani, lakini si kwa sababu wanazozidhania wengi. Uzee peke yake haulipwi. Dunia imejaa magari mazee ambayo hayanunuliki.

Tuanze na gari lenyewe. Kampuni ya Rover ya Uingereza ililionyesha kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Vita vilikuwa vimeisha juzi, chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Rangi ya kijani hafifu iliyopakwa yale ya mwanzo ilikuwa mabaki ya rangi ya ndege za kivita. Hakuna aliyekaa akabuni urembo pale. Kila kitu kilitokana na uhaba. Baadaye ikaja ile tunayoiita mia na tisa, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu sentimeta 277, iliyokaa juu ya springi za pati. Mwaka 1983 ikaingia 110 yenye springi za koili, ambayo mwaka 1990 ilipewa jina la Defender. Tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Solihull kikatoa ya mwisho. Defender inayouzwa tangu 2020 ina jina lile lile, lakini haina hata chesisi ya kujitegemea chini yake.

Kwa nini yamebaki mengi upande wetu wa Mbulu na Hanang? Wengi watakuambia ni ugumu wa gari. Mimi nasema nusu yake ni ugumu wa maisha. Miaka ya mwisho ya 70 na mwanzoni mwa miaka ya 80 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Petroli ilibanwa hadi ikapigwa marufuku kuendesha gari Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Kuagiza gari binafsi kulikuwa ndoto mpaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje. Kwa miaka hiyo yote gari lililokuwepo ndilo lilikuwa hilohilo. Likivunjika springi, pati moja inachomolewa kwenye lori bovu, inakatwa, inatobolewa, inafungwa. Likiisha bushi, inachongwa ya mpira wa tairi.

Na huku kwetu magari ya aina hiyo yalifika kwa njia nyingi. Yapo yaliyokuja na serikali, yenye namba zinazoanza na ST. Yapo ya mashirika ya umma, SU, na ya miradi ya wafadhili, DFP. Yapo ya misheni na hospitali. Haydom, kwa mfano, ilifunguliwa na Wanorwe mwaka 1955, na hospitali ya mlimani haiendeshwi bila gari la kupanda milima. Kisha kuna ngano. Kwa msaada wa Kanada, shirika la NAFCO lilifungua mashamba saba makubwa kwenye nyanda za Hanang, Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengine, jumla ya ekari kama 100,000. Wabarabaig waliondolewa kwenye malisho yao ili mashamba hayo yapatikane, na mgogoro ule ulifika mahakamani. Nalitaja hilo kwa makusudi. Anayekumbuka gari la ngano kwa furaha na anayelikumbuka kwa uchungu wanaweza kuwa wamekaa benchi moja kwenye mnada wa Katesh.

Sasa tuje kwenye soko. Gari la kale linapanda bei pale kizazi kilicholitamani utotoni kinapopata pesa. Kijana wa miaka kumi na mitano anaona gari mtaani, hawezi kulinunua. Miaka thelathini baadaye anaweza. Ndiyo maana magari mengi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yanashuka bei Ulaya na Marekani: waliokuwa wakiyaota wamefariki. Na ndiyo maana Toyota Supra na Nissan Skyline za miaka ya 90 zimepanda. Muulize kijana wa Arusha gari la ndoto yake, hatakutajia mia na tisa hata kidogo. Atakutajia Subaru.

Lakini hamu inafungua mlango tu. Kinachoamua bei ni ushahidi. Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa kwa euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari jingine lililowahi kuifikia hadharani. Zilitengenezwa mbili tu za muundo ule, na kila hatua ya maisha yake inajulikana kwa maandishi. Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni mojawapo ya Landrova zilizotangulia za onyesho la Amsterdam la 1948. Ilikuja kuonekana miaka mingi baadaye imekaa tu kwenye bustani ya mtu, si mbali na kiwanda kilichoizaa. Kampuni ilipoamua kuifufua mwaka 2018 haikuipiga rangi ikang'aa kama mpya. Ilitunza mabati yake yaliyochakaa. Kwa fundi wetu wa bodi kitendo hicho ni kichekesho, kwani yeye amefunzwa kwamba gari likitoka gerejini lazima ling'ae. Mnunuzi wa magari ya kale anapoona rangi mpya anauliza inaficha nini.

Hapa ndipo penye kazi kwetu. Landrova iliyobaki hai Gendabi imebaki kwa sababu imebadilishwa. Injini ya petroli ya lita mbili na robo ilikunywa sana, ikatolewa, ikawekwa ya Isuzu au ya Nissan. Gia boksi ikatoka kwenye gari jingine. Mlango wa kushoto ni wa kijani, wa kulia ulikuwa wa bluu kabla haujapakwa. Kwa macho ya mkusanyaji wa Ulaya hilo ni gari lililoharibika. Siafiki. Gari la kazi lililofanya kazi miaka hamsini bila kubadilishwa chochote halipo, na likiwepo basi halikufanya kazi. Kasoro si kubadilisha injini, kasoro ni kwamba hakuna aliyeandika ilibadilishwa lini, kwa nini, na nani, na ile ya awali ilikwenda wapi. Mara nyingi iko palepale nyuma ya nyumba, kuku wanalalia juu yake, na siku ya skrepa ndiyo inayotangulia kupimwa.

Ukitaka kulikagua gari la namna hii, chukua sumaku ndogo. Iburute kwenye mlango na kwenye ubavu: haishiki, hiyo ni alumini. Ikishika katikati ya paneli, kuna bati la chuma limewekwa na fundi. Kisha angalia pale alumini inapokutana na chuma, hasa chini ya milango na kwenye miguu ya bodi. Utaona unga mweupe. Huo si uchafu. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, ile dhaifu inaliwa, na hapo inayoliwa ni alumini. Ukimaliza, lala chini. Chesisi ni chuma kitupu, ni boksi lenye uwazi ndani, na kutu yake huanzia ndani inakofichwa na tope. Igonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele kurudi nyuma: penye uzima panalia, penye kutu panabweka kwa sauti ya debe. Ukanda huu ni mkavu kuliko Tanga au Bagamoyo, hivyo chesisi nyingi ni nzima kuliko unavyotarajia, isipokuwa gari lililowahi kubeba chumvi ya ziwani. Hilo uliogope, hata likiwa na rangi ya jana.

Halafu tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa mbele, siyo ile ya kibao tu, maana kibao kina skrubu na skrubu inafunguka. Ilinganishe na kadi ya gari. Usishangae kadi ikisema Arusha. Mkoa wa Manyara ulianza mwaka 2002. Kama kuna kibao cha zamani cha SU au DFP kimetupwa stoo, kiokote. Kinasema gari lilikuwa la nani kabla ya kuuzwa kwa mnada, na hakuna rangi mpya inayoweza kulisema hilo. Barua ya mnada wa serikali, risiti ya spea ya mwaka 1979, picha ya harusi ambayo gari limesimama nyuma ya maharusi: vyote ni ushahidi. Vipige picha kwa simu na umtumie mtoto aliyeko mjini. Watu wa Gendabi na Katesh hawahitaji kuelezwa jinsi sanduku la makaratasi linavyoweza kupotea kwa dakika chache, tangu tope la mlimani lilipowashukia tarehe 3 Desemba 2023 na kuchukua roho za watu.

Wenzetu Nairobi wana mazoea ya siku nyingi katika jambo hili. Shindano la Concours d'Elegance limekuwepo tangu 1970, majaji wanaingia hadi chini ya gari, na tangu 2003 kuna Safari Rally ya magari ya kale. Kwetu, Oktoba 2024, Arusha iliitisha tamasha la Landrova ili kuvunja rekodi ya dunia ya msafara, iliyokuwa ya Ujerumani, magari 632. Waandaaji walitangaza kuwa wamepita elfu moja. Nilifurahi kama kila mtu, ila wingi ndio uliohesabiwa. Ningependa siku moja waje watu wenye daftari, waandike namba za chesisi na historia ya kila gari lililopanga foleni pale.

Kuhusu miaka inayokuja, nitasema bila kuzunguka: magari mengi ya sasa hayatakuwa ya kale, yatakuwa mabovu tu. Injini ya 300Tdi iliyokuja mwaka 1994 haihitaji kompyuta ili iwake. Pampu na nozeli zinatengenezwa na fundi wa kawaida Babati. Mwaka 1998 ikaja Td5, na hapo fundi akahitaji mashine ya kusoma kasoro. Magari ya leo yana vikompyuta kadhaa vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na kifaa cha kielektroniki huzeeka hata gari likiwa limefunikwa turubai. Hakuna wa kukichonga kwa mpira wa tairi. Kampuni ikiacha kutoa kifaa kile, biashara imeisha. Ndiyo maana dau langu lipo kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, inayotengenezwa tangu 1984, na kwa Peugeot 504 chache zilizobaki na bodi zisizooza. Kuna pia wanaong'oa injini na kuweka mota za umeme. Opibus ya Nairobi, sasa inaitwa Roam, ilianzia kwenye magari ya watalii. Kwa gari la kuingia hifadhini nalikubali kabisa, mradi injini ya awali ihifadhiwe na karatasi yake.

Sheria nazo zina upande. Marekani hairuhusu kirahisi kuingiza gari la nje lisilotimiza viwango vyake, lakini likifikisha miaka 25 kizuizi hicho kinaondoka. Uingereza, gari la miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Kwetu ni kinyume: gari linapozeeka ushuru wa kuliingiza unaongezeka, na Kenya hairuhusu kabisa lililopita miaka minane. Sera hiyo ina busara zake, hatutaki kuwa jaa la magari. Lakini tafsiri yake kwa mwenye mia na tisa ni kwamba mlango wa kutokea uko wazi na wa kurudi umebanwa. Likishapanda meli, mjukuu atakayelitaka atalipia umri wake pia.

Kwa sasa mnunuzi anayepita vijijini haulizi chesisi wala kadi. Anauliza kama kuna 300Tdi nzima, anaing'oa, anaondoka nayo Arusha, na gari linabaki juu ya mawe likisubiri mtu wa sufuria.