Jeraha la Tumbawe Lisomwe Kabla ya Dawa

Mfugaji wa matumbawe akikuta tawi limebaki jeupe ndani ya tangi lake, aghalabu hukimbilia kupima maji au kutia dawa. Yote mawili yana nafasi yake, lakini yasitangulie. Mfupa mtupu wa chokaa unaweza kusababishwa na bakteria, minyoo, joto, au kupanda na kushuka kwa alikali. Kinachotofautisha visababishi hivyo ni mahali jeraha lilipoanzia, umbo lake na kasi yake, na ushahidi huo hufutika ndani ya siku chache.

Kwanza ihakikishwe kwamba tishu imetoka kweli. Tumbawe lililopauka, kama yale ya pwani ya Kenya na Tanzania wakati wa joto la 1998, limepoteza mwani mdogo unaoishi ndani yake, ila ngozi nyembamba ingalipo na polipu bado zaweza kunyoosha minyiri. Tishu ikitoka, hubaki vikombe vya mfupa vyenye kingo kali, visivyo na uhai wowote. Hapo utazamwe ukanda mweupe ulio kati ya tishu hai na sehemu iliyokwisha kuota mwani wa kijani. Mfupa mpya huwa mweupe kabla mwani haujaushika. Kwa hiyo ukanda mpana hudokeza maradhi yanayokwenda mbio, na mwembamba hudokeza yanayotambaa. Madoa ya duara yaliyotawanyika kwenye matumbawe ya jenasi Acropora yana maelezo mengine: huenda ni alama za kuliwa na mnyoo bapa Prosthiostomum acroporae (zamani Amakusaplana acroporae), ambaye rangi yake humficha kabisa juu ya tumbawe. Mayai yake hutagwa kwenye mfupa uliokufa, mara nyingi karibu na shina, na maji yakipulizwa kwa nguvu kwenye matawi, minyoo huanguka.

Wapo watakaosema kipimo cha maji kinatosha. Lakini kipimo husema hali ya sasa tu: alikali ya digrii 8 ni nzuri, ila kama juzi ilikuwa 11, mshtuko wa kushuka huko hauonekani kwenye namba ya leo. Bila daftari la vipimo vya nyuma, namba moja inaweza kupotosha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tishu nyingine humomonyoka kwa saa chache, hivyo kusubiri ni kuua. Ni kweli, na ndiyo maana matawi mazima yakatwe mbali na jeraha na kutengwa mara moja. Hatua hiyo haihitaji kujua kisababishi. Dawa ni suala jingine. Huko Florida, ugonjwa wa kupoteza tishu uliogunduliwa 2014 umeshambulia zaidi ya spishi 20. Amoksisilini ikipakwa kwenye jeraha mara nyingi husimamisha uharibifu, lakini wanasayansi bado wanabishana kuhusu kisababishi cha ugonjwa huo. Kupona si utambuzi, na dawa inayotiwa ndani ya tangi zima huweza kudhuru bakteria wanaosafisha maji.

Basi ipigwe picha kila siku kutoka pembe ileile, na tumbawe likaguliwe usiku kwa tochi. Viumbe hawa hukua polepole na hawana njia ya kukimbia maji tunayowawekea. Anayewafuga ana wajibu wa kuwatibu kwa ushahidi.