Uyoga wa Porini: Ulizia Ulikoota Kabla ya Kununua

Mvua zinapokolea, uyoga wa porini huanza kuonekana masokoni na kando ya barabara katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Mnunuzi huuliza bei, kisha huuliza iwapo umechumwa siku hiyo. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ndilo lenye uzito zaidi: uliota wapi? Jibu lake hugusa usalama wa mlaji, na vilevile uhai wa uyoga wenyewe.

Uyoga wa mamama huoteshwa chumbani juu ya majani makavu au pumba. Uyoga wa porini unaopendwa zaidi hauoteshwi hivyo. Ule wa manjano wenye umbo la faneli, ambao wataalamu huuita Cantharellus, huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti ya miombo kama mtundu na mtondoro: huupa mti maji na madini, nao mti huulipa sukari. Kisiki kikiachwa kichipue, ushirika huo waweza kuendelea, kikingʼolewa, umekwisha. Uyoga wa vichuguu, Termitomyces, hulimwa na mchwa chini ya ardhi. Kichuguu kikibomolewa ili kupata udongo wa matofali, shamba hilo la mchwa nalo huangamia.

Kwa hiyo mchumaji si mhalifu wa kwanza. Utafiti uliofanyika Uswisi kwa miaka 29 ulionyesha kuwa kuchuma hakukupunguza mavuno ya baadaye. Tishio kubwa ni kutoweka kwa makazi: mkaa, mashamba mapya, na katika ukanda wa dhahabu, matimba yanayokatwa kuzuia mashimo yasibomoke. Hadi Machi 2025, Orodha Nyekundu ya IUCN ilikuwa na spishi 1,300 tu za kuvu kutoka duniani kote, na zisizopungua 411 kati yake zilikuwa hatarini kutoweka. Idadi hiyo ni ndogo mno. Spishi kutokuwamo katika orodha si ushahidi kwamba iko salama.

Shinyanga inatufundisha jambo, ingawa kwa tahadhari. Kupitia mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, wananchi walifufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayopumzishwa, na maelfu ya hekta yakarudi kuwa kijani. Lakini ngitili nyingi ni za migunga, na mizizi ya migunga haiuhifadhi uyoga wa manjano. Mwombo uliofyekwa haufidiwi na mti wowote tu.

Sasa turudi kwenye sahani. Uyoga hufyonza madini kutoka ardhini, zebaki ikiwamo. Katika vijiji vya wachimbaji wadogo, kama Rwamagasa mkoani Geita, zebaki imetumika kunasa dhahabu. Mabaki yake hukaa katika marudio na kwenye mialo, na mvuke wake hutua juu ya udongo wa jirani inapochomwa. Kuosha au kuchemsha uyoga si kinga dhidi ya zebaki. Usinunue wala kuchuma uyoga ulioota karibu na makarasha, mialo au marudio, hata kama ni wa aina unayoifahamu tangu utotoni. Mama mjamzito azingatie zaidi, kwa kuwa zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kuna pia hatari ya kufananisha. Chlorophyllum molybdites, uyoga mweupe wenye magamba ya kahawia, huota kwenye nyasi karibu na makazi na hudhaniwa kuwa wa vichuguu. Ukikomaa, vijisahani vilivyo chini ya kofia hugeuka kijani-kijivu. Uyoga wa vichuguu, hasa ule mkubwa, huwa na mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota cha mchwa. Mwombe muuzaji auache mzizi huo bila kuukata. Ile desturi ya kutumbukiza sarafu chunguni, au kuamini kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, haina msingi wowote.

Ukitapika au kuharisha baada ya kula uyoga, fika kituo cha afya mara moja, hata kama dalili zimechelewa saa sita au zaidi. Sumu zinazochelewa ndizo huharibu ini. Chukua kipande cha uyoga uliobaki, ukiwa mbichi au umepikwa, ukamkabidhi mhudumu.