Mtungi wa gesi ya kiyoyozi hupimwa kwa mizani, si kwa geji

BURNSVILLE, Minnesota – Katika mji huu ulio kusini mwa Mto Minnesota, baridi ya Januari huweza kufika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na joto la Julai likapita nyuzi 30. Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi ya ufundi wa friji na viyoyozi huku, tofauti hiyo si suala la makoti tu. Ni suala la usalama wa maisha yao.

Tunazungumzia mtungi wa kukusanyia gesi, ule wa kijivu wenye kichwa cha njano. Sheria ya Marekani inakataza kuachia hewani gesi kama R-12 na R-22 tangu Julai 1, 1992, na mwaka 1995 marufuku hayo yalifikia pia gesi zilizochukua nafasi yake. Fundi anapofungua mashine, gesi lazima inyonywe na kutiwa mtungini.

Mtego uko hapo. Wapo wanaotazama geji, wakiona presha ndogo wanadhani mtungi bado una nafasi. Ndugu wasomaji, maadamu ndani kuna kimiminika na mvuke, presha hufuata joto, haifuati kiasi cha gesi. R-22 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri huonyesha kama pauni 21 kwa inchi ya mraba. Kwenye nyuzi 30 huonyesha kama 158. Mtungi ulio nusu na uliokaribia kujaa husoma sawasawa.

Kati ya baridi hiyo na joto hilo, kimiminika cha R-22 hutanuka kwa karibu asilimia 15. Mtungi uliojazwa asilimia 90 katika gereji yenye barafu utakosa nafasi ifikapo Julai. Kimiminika hakishindiliki, hivyo presha hupanda ghafla. Valvu ya usalama ikiwa imeziba au imeharibika, chuma hupasuka.

Kinga ni mizani. Kwenye mtungi zimegongwa alama mbili: WC, yaani uzito wa maji unaoweza kuingia, na TW, uzito wa mtungi mtupu. Chukua asilimia 80 ya WC, ongeza TW. Mathalani, WC ikiwa pauni 47.7 na TW pauni 28, simamisha kazi mizani ikifika pauni 66.

Mengine ni haya. Mtungi upimwe upya kila baada ya miaka mitano. Usizidishe joto la nyuzi 52, na gari lililofungwa juani linaweza kufika huko. Usafirishwe ukiwa umesimama na kufungwa imara. Usihifadhiwe katika chumba cha chini ya ardhi, maana gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hutuama chini na kumkosesha mtu pumzi. Gesi mpya kama R-32 na R-454B huweza kushika moto, hivyo zinataka mtungi na mashine zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Nyumbani nako jambo hili linawahusu. Oktoba 15, 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za jamii ya HFC, na kazi ya kuzikusanya itazidi kuongezeka Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Fundi asishawishike kujaza upya mtungi mwembamba wa kutupa uliokuja na gesi mpya. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na Marekani kuusafirisha ukiwa umejazwa tena ni kosa la jinai.

Anayegundua mtungi wake umezidi kipimo asiachie gesi hewani. Auweke kivulini, mbali na moto, kisha ziada ihamishiwe katika mtungi mwingine wa kukusanyia, uliotolewa hewa na ulio juu ya mizani.